Simu Sitini Kabla ya Jua

Mwezi uliopita nilirudisha kofia ngumu, mkanda wa kupandia mnara na kompyuta ya kampuni, nikasaini kwamba vyote nimevirejesha vikiwa vizima. Kompyuta haina kitufe cha herufi P kwa mwaka wa nne sasa. Mtunza stoo hakuikagua, nami sikumwambia. Ninyi mliobaki kazini mmeniomba niandike niliyoyaona, basi jueni kwanza mnaandikiwa na nani: mtu aliyelipwa miaka mingi kushuku kila kitu, na ambaye siku ya mwisho alikabidhi kompyuta mbovu bila kushukiwa na yeyote.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Kazi yetu haieleweki kwa watu. Shangazi yangu wa Uwemba aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakula vocha zake. Kila nilipokwenda kumsalimia alinipa viazi na maziwa ya mgando, kisha akaniuliza mbele za watu, "Zile za Jumanne ulizila na nani?" Nilimweleza kwamba kazi yangu ni kuhakikisha simu nyingi zikipigwa kwa pamoja hazikanyagani, na mtandao haukatiki. Aliitikia kwa upole wa mtu anayemsikiliza mwizi akijitetea.

Nilifika Makambako nikiwa na shahada ya uhandisi, viatu vya visigino na sweta moja. Upepo wa Makambako ulinifunza kuhusu sweta siku hiyohiyo. Viatu vilidumu mpaka Jumatano. Fundi mkuu alikuwa Mzee Mahenge, mtu mfupi, mkimya, aliyebakiza miaka michache astaafu. Alinipeleka chumba cha mitambo, akanisimamisha mbele ya safu ya taa za kijani.

"Unaona nini, mwanangu?"

"Kila kitu kiko sawa, mzee."

"Unaona taa zinawaka." Akanyanyua simu ya mezani, akaita Njombe. Kimya. Njombe ilikuwa imekatika tangu asubuhi. "Taa inakupa habari za taa," akasema. "Ukitaka habari za Njombe, waulize Njombe."

Alishuku panya, mvua, radi, makao makuu, na zaidi ya vyote alimshuku mtu wa mwisho kushika waya. Begi lake lilikuwa na spana, utepe wa mpira, kioo kidogo cha kunyolea alichokitumia kutazama nyuma ya mitambo, na daftari. Katika daftari tuliandika saa, hali ya mtambo, na jina la aliyeugusa mwisho. "Jina liandike kwa wino," aliniambia. Nilimwelewa vibaya. Yeye alitaka kujua nani wa kumuuliza. Mimi nilidhani ananifundisha kwamba nyuma ya kila hitilafu yupo mtu mbaya, na nikaondoka na somo hilo kama mtu aliyebeba mkoba usio wake.

Mzee Mahenge alipostaafu mimi ndiye niliyeketi kwenye kiti chake. Minara ya upande wa Makete ilikuwa chini ya Benitho Sanga, fundi wa umri wangu, mzaliwa wa huko juu Ipelele. Mimi ni Mbena, Kikinga kinanipita, kwa hiyo huko milimani Benitho alikuwa macho na masikio yangu. Alijua ni kona gani ya barabara inayogeuka tope saa ngapi, na ni mlinzi gani anayesema "nakuja" akiwa bado kitandani. Aliniita dada. Tulikula pamoja, tukasukuma gari pamoja. Nayasema haya ili mjue nilimjua vizuri, na haikusaidia.

Kabla sijaendelea, nieleze jambo moja kwa wasio wa kazi hii. Mnara wa simu una mlango na una vyumba. Ukipiga simu unabisha kwanza mlangoni, kisha unapewa chumba cha kuongelea. Mlango ni mwembamba, kwa sababu ilidhaniwa kila mtu atabisha sekunde chache na kuingia. Anayebipu, yaani anayepiga na kukata kabla hajapokelewa, anabisha na kuondoka. Wakibipu wengi kwa pamoja, mlango unajaa watu wasiotaka kuingia, vyumba vikiwa vitupu. Mwenye shida ya kweli anabaki nje.

Hilo ndilo lililoanza kutokea Juni moja katika mnara mdogo ulio juu ya Ipelele. Asubuhi fulani, kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na robo, mlango ulijaa mpaka simu za kweli zikakataliwa. Halafu siku tatu kimya. Halafu tena asubuhi mbili mfululizo. Mwalimu mmoja wa huko alilalamika kwamba alishindwa kuita gari la mgonjwa. Makao makuu wakaandika neno moja: "Elezeni."

Nilichimba kwenye kumbukumbu za mtambo, nikaipata namba iliyoanzisha. Ilipiga watu sitini ndani ya robo saa. Hakuna hata mmoja aliyepokea. Baada ya hapo baadhi ya wale sitini nao walipiga wengine, na hao pia hawakupokelewa. Enzi zile sote tulikuwa na hofu ya mashine haramu, yale masanduku yenye laini nyingi yanayopitisha simu za nje ya nchi kama za ndani. Kwamba jambo halikutokea kila siku kulinitia shaka zaidi. Nilijiambia, huyu ana akili, anajificha.

Nikafungua usajili wa ile namba. Benitho Sanga.

Nilimwita ofisini Makambako, nikamwekea karatasi mezani. "Namba hii unaijua?"

Aliisoma kwa muda mrefu kuliko tarakimu zake zilivyohitaji. "Siijui, dada."

"Imesajiliwa kwa jina lako."

"Basi yenyewe ndiyo inanijua."

"Benitho."

"Ni ya mama yangu mkubwa, dada. Mgonjwa. Anapiga kuomba msaada."

"Kwa watu sitini, kabla hakujakucha, na wote hawapokei?"

"Ukoo wetu una usingizi mzito."

Siku nyingine ningecheka. Siku ile niliandika barua kwenda makao makuu, jina lake nikaliweka kwa wino, kisha nikaifunga namba. Kwenye ubao wa matangazo, hatua mbili kutoka mezani kwangu, kulikuwa na waraka niliousaini na kuubandika kwa mkono wangu: mfanyakazi atakayemsajilia mtu mwingine laini kwa jina lake ataachishwa kazi mara moja. Nilikuwa nimeusahau. Benitho alikuwa ameketi ameutazama muda wote.

Grafu ya msongamano ikatulia. Nilifurahi mno, nikaichapisha kwa rangi. Makao makuu wakanipongeza, wakasema mkaguzi atakuja kutoka Dar es Salaam baada ya wiki mbili kumhoji Benitho, na mpaka hapo asimamishwe au asisimamishwe, ni juu yangu. Sikumsimamisha. Nilitaka kumwona akijikwaa. Nilipekua daftari la safari zake. Mchana mmoja alipokwenda kula nilifungua begi lake la kazi: spana, koleo, tochi, kitabu cha nyimbo za kanisa. Nilikishika kile kitabu, nikakikung'uta, nikingoja kidondoshe laini za simu. Kilidondosha ratiba ya kwaya.

Siku chache baadaye alisimama mlangoni pangu bila kuingia.

"Dada, ifungue ile namba. Hata kwa muda. Mpaka Agosti iishe."

"Kwa nini Agosti?"

"Kwa sababu baada yake ni Septemba."

"Niambie ukweli nami nitaifungua."

Akautazama ubao wa matangazo, akanitazama mimi, akaondoka. Kwangu huo ulikuwa ushahidi. Mtu asiye na kosa, nilijiambia, huwa anasema. Ilikuwa fikra ya mtu ambaye ukweli haujawahi kumgharimu kazi.

Nikaamua kwenda mwenyewe kuikamata hiyo mashine kabla mkaguzi hajafika. Nilimchukua Benitho na gari bila kumwambia tunakwenda kufanya nini, tukalala Njombe, tukapanda Makete asubuhi. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Tulifika mnarani yapata saa nne. Nilifungua kibanda cha mitambo, nikagonga kuta, nikapiga magoti na kumulika chini ya betri, nikatumia kioo cha kunyolea kama nilivyofunzwa. Benitho alisimama nje akinishikia koti. Hakukuwa na kitu ila buibui mmoja, naye hakuwa na laini.

Nilipotoka nikatazama chini bondeni. Huko ndiko kulikokuwa na vinyungu, yale mashamba madogo ya kandokando ya kijito yanayolimwa kiangazi. Watu walikuwa wamesimama katikati ya matuta, hawalimi, hawavuni, wamesimama tu. Majani ya viazi yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyochemshwa.

Mwanamke mzee alipanda kilima akitujia, ameshika simu ya vitufe. Hakunisalimu mimi kwanza.

"We Benitho! Simu yako imekufa."

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Nimekwambia simu imekufa. Jana imekufa, leo imekufa. Nimebonyeza mpaka kidole kinauma. Tazama bonde."

Huyo alikuwa Bibi Lahel. Hakuwa mgonjwa hata kidogo. Nilimsalimu, nikamuuliza ile simu ilikuwa ya nini, naye akanieleza kama anavyoelezwa mgeni asiyejua moto unaunguza. Nyumba yake ndiyo iliyo chini kuliko zote, jirani na kijito, na sakitu, ambayo wao wanaiita barafu tu, huanza kushuka hapo. Kila alfajiri ya kiangazi anatoka na kushika majani kwa kiganja. Yakiwa makavu anarudi kulala. Yakivunjika mkononi anabipu wenye vinyungu wote, mlio mmoja kwa kila mtu. Mlio mmoja maana yake amka, chukua ndoo, osha barafu kwenye majani kabla jua halijayapiga. Anayeamshwa anawabipu jirani zake wasio kwenye orodha ya bibi.

"Na hawapokei?" niliuliza.

"Apokee aseme nini? Mmoja aliwahi kupokea, ananiuliza habari za asubuhi. Nilimsema Jumapili mbele ya kanisa zima. Unaongea, na barafu inakula!"

"Kwa nini laini isiwe kwa jina lako, bibi?"

Akanionyesha vidole. Ncha zake zilikuwa laini kama kokoto za mtoni. "Mashine yenu inanikataa. Mara tatu nimekwenda. Jembe limefuta. Ndipo huyu akanipa vidole vyake." Kisha akanitazama vizuri. "Na wewe, mama, ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeifunga namba yako, bibi."

Benitho aliinama, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni wezi."

"Wezi wa nini?"

Nilikuwa na grafu ya rangi ndani ya gari. Sikuifuata.

"Bondeni mle kulikuwa na mbegu ya msimu ujao," akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja siku ya juma. Akageuka, akateremka.

Nilikuwa nimekaa wiki tatu nikichunguza picha ya baridi bila kujua ni baridi. Asubuhi zile za mlango kujaa ndizo asubuhi nilizokuwa nikilalamika Makambako kwamba maji ya bomba yanauma mikono. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza Benitho kwa nini hakuniambia.

"Ningesema, waraka wako ungenifukuza. Nimenyamaza, barua yako itanifukuza. Nikaona bora kunyamaza, bibi asije akasumbuliwa na watu wa suti."

"Ungeniamini."

"Wewe?" akasema, na akabadilisha gia.

Namba niliifungua kabla hatujafika Njombe. Barua sikuweza kuirudisha. Jina lilikuwa limeshaingia kwenye jalada, na Benitho alikuwa na njia mbili, zote zikimtoa kazini.

Mkaguzi alikuja siku iliyopangwa, akatuita ofisi ya Njombe. Alikuwa kijana nadhifu, amevaa koti jepesi la Dar es Salaam, anatetemeka. Alimketisha Benitho upande mmoja wa meza na mimi upande mwingine. Alikuwa ndiyo kwanza amefungua jalada, Bibi Lahel akaingia na kapu. Mimi ndiye niliyempelekea gari, bila Benitho kujua.

"Mama, una kitambulisho?" mkaguzi akauliza.

"Nina viazi." Akamwaga mezani mashina meusi, udongo ukaingia kwenye jalada.

Mkaguzi alikuwa na kile kifaa cha kusomea vidole. Kikamkataa bibi kidole cha kwanza, cha pili, cha tano. Mkaguzi akajaribu kidole chake mwenyewe kuona kama kifaa ni kizima, kikamkubali. "Kinakupenda," bibi akamwambia. "Huna ulichoshika."

"Na tutajuaje kwamba ni wewe unayepiga, si mtambo?"

Bibi akatoa simu, akaanza kubonyeza. Alipiga, akakata, akapiga, akakata, haraka kuliko nilivyowahi kuona mtu akifanya, bila kutazama, akizijua namba kwa moyo. Alipofika kwenye kumi hivi simu yake ikaanza kuita. Akakata, ikaita tena. Mkaguzi akamwambia apokee, aweke sauti nje.

"Mama Lahel! Ni wewe au umefariki? Nani anatubipu mchana? Barafu ya saa sita imetoka wapi?"

"Niko Njombe, na wakubwa," bibi akajibu. "Rudini kazini." Akakata.

Mkaguzi akafunika mdomo kwa mkono, akakohoa. Kisha akanigeukia mimi. "Injinia, sababu ya msongamano ni nini?"

"Baridi."

"Na hii barua yako?"

"Hiyo iliandikwa na mtu aliyekuwa ndani ya nyumba, hakuiona baridi," nikasema. "Waraka wa laini niliubandika mimi. Sikuuliza watu wenye vidole vilivyofutika wafanyeje. Kama kuna onyo, liandikeni na jina langu."

Liliandikwa likiwa na majina yote mawili. Benitho alibaki kazini. Laini ikahamishiwa kwa binti wa Bibi Lahel, ambaye vidole vyake bado vilikuwa na mistari. Mimi nilipanua mlango wa mnara ule: Juni mpaka Agosti, alfajiri, vyumba viwili vya maongezi vinageuzwa kuwa njia za kubishia. Ni kazi ya dakika ishirini. Ipo kwenye mpangilio mpaka leo. Tafadhali msiifute kwa sababu haieleweki. Nilinunua pia magunia ya mbegu, nikayapeleka mwenyewe. Bibi Lahel alivikagua viazi kimoja kimoja, akavinusa, akakikata kimoja katikati. Hakunishukuru mpaka vilipochipua.

Ila jalada lilifungwa kwa maneno "tuhuma hazikuthibitishwa." Niliandika mara mbili kuomba yawe "hazikuwa za kweli." Nikajibiwa kwamba fomu haina nafasi hiyo. Benitho aliisoma nakala yake, akaikunja mara nne.

"Hazikuthibitishwa," akasema. "Kwa hiyo bado wanatafuta."

Jumatatu iliyofuata, saa kumi jioni, alikuja na funguo za vibanda vyake vyote, akaziweka mezani kwangu, akafungua daftari. "Nisainie, Injinia." Dada ilikuwa imekwisha.

"Za nini? Hakuna kanuni inayotaka hivi."

"Ili ijulikane usiku zilikuwa wapi."

Nilidhani itapita. Haikupita. Alifanya hivyo kila siku aliyokuwa Makambako, kwa miaka minane. Niliumwa, akaniletea nyumbani nisaini nikiwa kitandani. Hakuwahi kuwa na kisirani. Alinitania, aliuliza habari za wanangu, kisha akasukuma daftari mbele yangu. Niliomba radhi zaidi ya mara moja. "Yameisha, Injinia," alisema, huku akionyesha kwa kidole mahali pa kusaini. Mtaniuliza kama nilizihesabu zile funguo. Mwaka wa kwanza, ndiyo.

Nilipostaafu, Benitho ndiye aliyepewa kushikilia kituo mpaka atakapoletwa mwingine. Nilimkabidhi kila kitu asubuhi, akasaini, nikaenda nyumbani. Saa kumi jioni nikasikia pikipiki getini. Alikuwa yeye, funguo mkononi, bila daftari.

"Benitho, mimi nimestaafu. Siwezi kukusainia."

"Najua, dada."

Alisimama kidogo, kama mtu aliyefika mahali akasahau alichofuata. Nikamkaribisha chai. Akazitazama funguo, akazitumbukiza ndani ya kofia ya pikipiki, akaiweka kofia juu ya kiti cha pikipiki, nje ya geti, upande wa barabarani, akaingia ndani akavuta kiti.

Aliongea kuhusu wajukuu. Alikula mkate, akaomba sukari zaidi. Aliketi ameipa barabara mgongo, na hakugeuka hata mara moja. Mimi chai yote niliinywa nikichungulia dirishani.